Kuosha diski za muziki nyumbani kwa mashini ya kujitengenezea



Katika nyumba nyingi kuna sanduku la diski za zamani, za baba au za babu. Kwa miaka mingi lilikaa chini ya kitanda. Sasa vijana wanalitoa tena, wanatafuta pikapu ya zamani sokoni, wanaweka diski, na wanachosikia ni kelele kama ya samaki anayekaangwa. Hapo mmoja anachukua kitambaa kikavu, anasugua. Wa pili anachukua esansi. Wa tatu ameambiwa ya kuwa unaweza kuunganisha aspirateri, ile mashini ya kuvuta vumbi, na maji, ukaosha diski vizuri kabisa, naye anajaribu bila kuuliza mtu. Kwa sababu ya huyu wa pili na huyu wa tatu, habari ya muziki imeingia leo katika ukurasa wa usalama na afya.

Yule wa tatu hakudanganywa. Mashini hiyo ipo, inafaa, na fundi mwenye mikono mizuri anaweza kuitengeneza kwa siku moja ya mapumziko. Lakini inakutanisha maji na umeme, vitu viwili ambavyo kazini haviachwi vikutane bila kulindwa. Tutaitengeneza basi kama tunavyofanya kazi shimoni, kila kitu mahali pake.

KWA NINI MAJI?

Kila mtu aliyetoboa mwamba anajua jibu. Mashini ya kutoboa inapitisha maji katika chuma chake, na kabla ya kuchota mawe tunayanyunyizia maji. Vumbi lililolowa halirukiruki, haliingii mapafuni. Vumbi kavu ukilifagia halitoki. Linahama tu, kisha linashuka tena.

Na diski ni vilevile. Mfereji wa diski ya vinili hauzidi sana kumi ya milimeta kwa upana, mara nyingi ni nusu yake, na kwa upande mmoja wa diski kubwa mfereji huo mmoja unazunguka mita zaidi ya 400. Vumbi jembamba, lile ambalo munganga analiogopa kwa sababu linafika chini kabisa ya mapafu, halifiki mikroni 5, maana yake milimeta 5 zikigawanywa kwa 1000. Linapita katika mfereji huo kama mtu anavyopita katika galeri. Katika miji yetu ya migodi, hasa wakati wa kiangazi, ndani ya vumbi hilo kuna kwazi, jiwe gumu kuliko chuma cha kisu. Sindano ya pikapu ikipita juu yake inalisukuma katika ukuta wa mfereji, na vinili ni laini. Jeraha hilo haliponi. Tena ukisugua vinili kwa kitambaa kikavu unaijaza umeme wa kusuguana, na ndani ya dakika chache diski imevuta vumbi lingine kutoka hewani.

Kwa hiyo tunalowesha, tunalegeza vumbi kwa burashi laini, kisha tunanyonya maji pamoja na vumbi lake kabla hayajakauka. Hii ndiyo kazi yote ya mashini. Wazo si geni. Uingereza, katika miaka ya 1960, Percy Wilson, mtu wa ufundi wa jarida The Gramophone, alilifikiri, na Keith Monks akatengeneza mashini za namna hiyo, ambazo zilitumiwa hata na redio ya BBC. Mdomo wake wa kunyonya ulipita juu ya uzi wa nailoni ili usikwaruze diski. Mdomo wetu utakuwa na kitambaa.

TAZAMA KWANZA DISKI YENYEWE

Kuna diski za namna mbili, na anayezichanganya anaharibu mali ya baba yake. Zile za mizunguko 78 kwa dakika ni nzito, hazipindiki, zikianguka zinavunjika kama sahani. Nyingi zimetengenezwa kwa unga wa jiwe na ulimbo uitwao shelaki, unaotoka kwa mdudu wa Asia. Kampuni ya Ngoma, iliyoanza Léopoldville mwaka 1948, ilitoa diski za namna hiyo. Na Mwenda Jean Bosco, mtu wetu wa Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, gitaa lake lilienda duniani juu ya diski za 78. Ukipata moja katika sanduku, ujue unashika kitu ambacho hakitatengenezwa tena.

Shelaki inayeyuka katika alkoli. Tone moja, na mfereji unakuwa matope. Diski za 78 zioshwe kwa maji na sabuni kidogo tu, haraka, na zikaushwe mara moja. Diski yenye ufa isioshwe kabisa.

Diski za vinili, zile za mizunguko 45 na 33, ni nyepesi na zinapindika kidogo. Hizi haziogopi maji. Zinaogopa joto: kwenye nyuzi 60 hivi zinaanza kulegea. Maji yawe ya baridi au ya vuguvugu, wala usizianike juani juu ya bati.

MAJI YA KUOSHEA

Chukua lita moja ya maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na chumvi wala chokaa, na matone matatu au manne ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi kali. Basi. Maji ya bomba na ya kisima yana chokaa. Tazama ndani ya birika yako ya chai utaiona, na hiyohiyo itabaki katika mfereji wa diski.

Angalisho kwa wanaotafuta maji haya katika magaraji. Mahali panapouzwa maji ya kuongeza katika batri panauzwa pia asidi ya batri, na mara nyingine vyombo vyafanana. Ile ni asidi ya sulfuriki, inachoma ngozi na kupofusha jicho. Usinunue chombo kisicho na maandishi yake, wala usikubali kupimiwa katika chupa ya bia.

Na alkoli? Wengi huongeza alkoli ya izopropili. Mimi nasema mashini hii haiitaki. Alkoli hiyo ikiwa safi inatoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 12 tu, maana yake katika kila nyumba ya Katanga mchana wowote. Mota ya aspirateri ina makaa yanayosugua na kutoa cheche. Fungua uone mwenyewe. Kunyonya mvuke wa alkoli na kuupeleka kwenye cheche ni kutafuta moto kwa makusudi. Vinili inasafika bila alkoli.

Kuhusu vitu vya kazini nitasema kwa ukali kidogo. Esansi, asetoni, diliwani ya rangi, na ile triklo ya kutoa grisi katika atelie, havina kazi nyumbani. Asetoni na diliwani zinakula vinili. Triklo inapumuliwa, mtu anaanza kulewa bila pombe, na tangu mwaka 2012 watafiti wa kansa wa dunia wameiweka katika vitu ambavyo ni hakika vinaleta kansa kwa binadamu. Mtu anayeleta nusu chupa nyumbani ndani ya chupa ya limonade ameandalia mtoto wake sumu. Mtoto hasomi harufu, anasoma chupa. Kama jambo hilo limekwisha kutokea, usimtapishe mtoto, usimpe maziwa wala mafuta. Mlete hospitali mbio, pamoja na ile chupa.

KUTENGENEZA

Tafuta pikapu iliyokufa. Ondoa mkono na sindano, ondoa mota na mpira wake, na waya wa umeme ukate kabisa, usibaki hata kipande. Tunataka tu lile bamba linalozunguka pamoja na ekseli yake. Litazungushwa kwa mkono. Mtu asiye na pikapu anaweza kutumia habi ya gurudumu la mbele la kinga, iliyosimamishwa juu ya ubao, na kukaza juu yake duara la tripleksi. Ni kazi zaidi, lakini habi ya kinga inazunguka vizuri ajabu. Juu ya bamba weka duara la mpira wa ndani wa gurudumu, ulioshwa vizuri, ili diski isiteleze.

Mdomo wa kunyonyea ni tiyo ya plastiki ya PVC ya milimeta 25. Ziba mwisho mmoja kwa kizibo cha mbao na gundi. Kuanzia hapo kata kwa msumeno mwembamba ufa wa milimeta 2 upana na sentimeta 9 urefu. Urefu huu unatosha kutoka ukingo wa diski kubwa mpaka karibu na karatasi ya katikati, na usizidi, maana ukinyonya juu ya karatasi utaipasua. Lainisha kingo za ufa kwa karatasi ya msasa, kisha bandika kila upande ukanda wa veluri. Hakuna plastiki wala gundi inayoruhusiwa kugusa diski, veluri peke yake.

Karibu na mahali utakaposhika toboa tundu la milimeta 6. Ukiliacha wazi, nguvu ya kunyonya inapungua; ukiliziba kwa kidole, inaongezeka. Bila tundu hili aspirateri inang'ang'ania diski, na mota inayokosa hewa inachemka.

Sasa bidoni, sehemu ambayo vijana wanapenda kuiruka. Maji hayaruhusiwi kufika katika aspirateri. Tafuta bidoni ya plastiki nene ya lita 5 au 10 yenye kizibo kipana. Chupa ya kioo hapana, inaweza kupasuka kwa mvuto. Chupa nyembamba ya maji ya kunywa nayo inajikunja. Katika kizibo toboa matundu mawili. Tiyo inayotoka kwenye mdomo iingie ndani kufika nusu ya bidoni, mwisho wake ukitazama ukuta. Tiyo inayokwenda kwenye aspirateri iishie palepale chini ya kizibo. Maji yanaingia, yanagonga ukuta, yanaanguka. Hewa peke yake inapanda na kuendelea. Ziba matundu vizuri. Chora kwa rangi nyekundu mstari kwenye robo ya bidoni: maji yakifika hapo, simamisha, mwaga. Bidoni isimame chini, juu ya sakafu, na aspirateri iwe mahali pa juu kuliko bidoni, mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye diski. Maji hayapandi peke yake.

UMEME

Hapa naomba baba wa nyumba asome mwenyewe, asiachie kijana.

Wengi wanasema: "Nyumbani kwangu kuna fizibu, sina wasiwasi." Tufanye hesabu. Umeme wa nyumba ni volti 220. Mwili wa mtu mwenye mikono mibichi, amesimama pekupeku juu ya saruji yenye maji, unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1000 hivi. Gawanya 220 kwa 1000, unapata ampeli 0.22, maana yake miliampeli 220. Kwenye miliampeli 10 hivi misuli inakaza na mkono hauwezi kuachia. Kwenye miliampeli 30 na kuendelea pumzi na moyo viko hatarini. Na fizibu yako ni ya ampeli 10. Kwa fizibu hiyo, ampeli 0.22 ni kama balbu ndogo imewashwa. Haitakatika. Mtu atakufa, na taa za nyumba zitaendelea kuwaka. Fizibu inalinda waya wa nyumba usiwake moto. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu.

Kinachomlinda mtu ni disjonteri difarensieli ya miliampeli 30. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kidogo kwa sababu umepita katika mtu, inakata mara moja. Ina kitufe cha kujaribia: kibonyeze kila mwezi, kama haikati ibadilishwe. Kama nyumba yako haina, muulize fundi wa umeme juu ya prizi yenye difarensieli ndani yake. Kama huna hata hiyo, osha diski kwa mkono. Zitasafika polepole, nawe utazisikiliza.

Tazama pia aspirateri yenyewe. Nyingi zina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Alama hiyo inaonyesha ya kuwa imefungwa mara mbili isivujishe umeme, ndiyo maana haina waya wa ardhi. Lakini maji yakiingia kwenye mota, vifungo vyote viwili vimepitwa kwa pamoja. Kama unayo ile ya atelie inayokubali maji, tumia hiyo. Hata hivyo bidoni ibaki. Waya uliopasuka na kufungwa kwa plastiki ya mkate usitumiwe. Vaa viatu vikavu. Mtu mmoja alowanishe diski na kushika mdomo, mwingine mwenye mikono mikavu awashe na kuzima. Ni kazi ya watu wawili, nayo inapendeza hivyo, mzee na mjukuu wake.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo tunalolijua sana, fishi itolewe palepale. Umeme unarudi bila kubisha hodi, na aspirateri itaanza yenyewe wakati mkono wako uko ndani ya bidoni.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza kwenye disjonteri kubwa, au toa fishi. Kama haiwezekani, msukume kwa fimbo kavu ya mbao. Kama hapumui, mmoja akimbilie msaada, mwingine aweke viganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimeta 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hata aliyesimama na kucheka aletwe hospitali siku ileile, moyo wake utazamwe.

KUOSHA

Mimina maji ya sabuni kidogo, kiasi cha kijiko kikubwa, na uyaeneze kwa burashi laini huku diski ikizunguka. Burashi ifuate mfereji, isiukate. Mizunguko mitano au sita, acha dakika moja, kisha weka mdomo, washa, zungusha mara mbili, zima. Usizidishe, maana ukinyonya diski kavu unairudishia umeme wa kusuguana. Rudia kwa maji matupu yaliyotoneshwa ili sabuni itoke. Sabuni iliyobaki inakusanya uchafu kwenye sindano. Kabla ya kugeuza diski, pangusa mpira wa bamba, ama sivyo upande ulioosha utalala juu ya uchafu wa ule wa pili. Kisha isimamishe kivulini, kama sahani zinavyosimamishwa, robo saa. Usiirudishe katika karatasi yake ya zamani iliyojaa vumbi. Kata karatasi mpya. Veluri ioshwe kila baada ya diski kumi hivi, na ikichakaa ibadilishwe. Maji ya bidoni yamwagwe chooni, siyo katika bustani ya mboga.

KAMA DISKI IMESAFIKA, LAKINI BABA HASIKII

Kuna jambo moja ambalo mashini hii inalifunua, nami kama msaidizi wa munganga lanihusu zaidi ya mengine yote. Diski imeoshwa, imekauka, imewekwa. Mama anasema: "Sasa gitaa linalia vizuri." Watoto wanasema vilevile. Baba, aliyefanya kazi miaka 15 na mashini ya kutoboa, anasema muziki umefifia, sauti iko kama nyuma ya ukuta, diski imekufa.

Diski haikufa. Kelele za kazi zinaanza kuharibu sikio kwenye milio ya juu, karibu na hezi 4000, mbali kidogo juu ya mahali sauti ya mazungumzo ina nguvu zaidi. Ndiyo maana mtu anaendelea kuongea na wenzake na kufikiri masikio yake ni mazima, wakati ncha za sauti ya gitaa na ya matoazi zimekwisha kumtoka. Hazirudi, na hakuna dawa. Kazi ya saa 8 inaruhusu desibeli 85; mashini ya kutoboa mwamba inapita 100. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya kelele inakuwa mara mbili, na muda ambao sikio linaweza kuvumilia unakatwa nusu. Kutoka 85 mpaka 100 utakata mara tano, na saa 8 zinakuwa dakika 15.

Basi fanyeni jaribio hili nyumbani. Wekeni diski iliyooshwa, kaeni wote mahali pamoja, na sauti isipandishwe. Kila mmoja ainue kidole anaposikia mlio mdogo wa mkwaruzo. Kama mke na watoto wanainua kidole mara nyingi na baba ameketi kimya, aje dispensari apimwe masikio. Asije moja kwa moja kutoka timu ya usiku: sikio lililotoka kwenye kelele limechoka na litatoa jibu la uongo. Apumzike mbali na kelele saa 14 kabla ya kipimo, na pikapu nayo ipumzike. Aje na vizibo vyake vya masikio mfukoni, tumwonyeshe tena namna ya kuviingiza, kwa sababu vingi ninavyoviona vimewekwa mlangoni mwa sikio tu.